Laptopu ya mtumba: stika inasema Windows 7, muuzaji alisema 11, mtoto anasema 10. Nimwamini nani?

#1 MamaSteshenari
Habari za mchana wakuu. Nina steshenari ndogo huku Tabata Segerea. Nimeongeza laptopu moja ya mtumba, Dell Latitude E6430, nimeichukua Kariakoo. Muuzaji alinihakikishia ndani kuna Windows 11 tayari, mimi ni kuwasha na kufanya kazi. Kufika nayo dukani nikaigeuza, chini kuna stika ya Windows 7 Pro. Mwanangu wa kidato cha nne akafungua lile dirisha jeusi la maandishi, akaandika ver, ikajibu namba inayoanza na 10.0. Akasema mama, hii ni Windows 10, umepigwa.

Sasa nashusha draiva ya printa ya Epson, ile programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, na ukurasa unaniuliza natumia mfumo endeshi gani. Chaguo ni nyingi: Windows 11, Windows 10 32-bit, Windows 10 64-bit, 8.1, 7, Mac. Nikikosea nachoma bando bure, na wateja wa CV na barua za maombi wako mlangoni. Nimwamini nani kati ya stika, muuzaji na mtoto?

#2 Kobe la Ilala
Stika. Mashine hiyo ni ya mwaka 2012, ilizaliwa na 7. Muuzaji anakwambia unachotaka kusikia, stika haina biashara na wewe.

#3 FundiChuma
Kobe, hapana. Stika inakueleza mashine ilitoka kiwandani na nini, basi. Tangu hapo hadidiski inaweza kuwa imebadilishwa, imefomatiwa, imepigwa windows na mafundi wa kila aina kabla haijafika Kariakoo. Nimeshashika mashine zenye stika ya Vista na ndani kuna Ubuntu, yaani Linux, si Windows kabisa.

Mama, fanya hivi. Shika kitufe chenye nembo ya Windows, ukiwa umekishikilia bonyeza herufi R. Kitatokea kiboksi kidogo chini kushoto. Andika winver kisha Enter. Soma kila kilichoandikwa na utuletee hapa, hasa namba inayofuata neno Build. Usiruke hiyo.

#4 BintiSinza
Wakati unatafuta hiyo, kitufe cha Start kiko katikati ya kioo au pembeni kushoto?

#5 MamaSteshenari
Kushoto kabisa. Naenda kufanya hiyo ya winver, kuna mteja anatoa kopi za cheti.

#6 BintiSinza
Kushoto? Basi ni Windows 10. Kwenye 11 vitu vyote vimekaa katikati. Chagua Windows 10, endelea na kazi.

#7 Mwanachuo wa Mabibo
Shikamoo mama. Dada BintiSinza, mimi natumia 11 halisi na Start yangu iko kushoto. Unabofya mkono wa kulia kwenye ule mstari wa chini, unaingia Taskbar settings, halafu Taskbar behaviors, pale penye Taskbar alignment unachagua Left. Watu wengi waliozoea 10 hilo ndilo jambo la kwanza wanalolibadilisha. Na kinyume chake kipo: 10 inaweza kuvalishwa ikafanana na 11 kila kitu. Macho hayatoshi hapa.

#8 Kobe la Ilala
Stika haifai, Start haifai, muuzaji hafai. Imebaki ramli?

#9 FundiChuma
Imebaki kuiuliza mashine yenyewe. Tusubiri winver.

#10 Mzee wa Upanga
Salaam. Mimi kwa ushauri wangu mama aachane na hizo 10 na 11, zinasumbua. Mimi nina Windows 2016 na haijawahi kunigomea.

#11 Mwanachuo wa Mabibo
Shikamoo mzee wangu. Hiyo 2016 bila shaka ni Office, yaani Word na Excel zako. Windows za kawaida za nyumbani na ofisini ni XP, Vista, 7, 8, 8.1, 10 na 11. Hazina jina la mwaka tangu enzi za 2000.

#12 Pweza Mkavu
Kijana usimkatalie mzee moja kwa moja. Windows Server 2016 ipo. Server 2012, 2016, 2019, 2022, zote zina jina la mwaka. Kama mzee alikuwa IT wa ofisi kubwa anaweza kuwa nayo.

#13 Mzee wa Upanga
Marahaba kijana. Mimi nilikuwa mwalimu, sikuwa IT. Nikifungua Word inatokea 2016, ndiyo nasema. Sasa hiyo Windows yangu naijuaje?

#14 Mwanachuo wa Mabibo
Ileile winver mzee. Word ni programu iliyokaa juu ya Windows, na Office 2016 inaweza kukaa juu ya 7, 8, 10 au 11. Huku steshenari za chuo kila siku mtu anasema nina Windows 2010, ukifungua ni Office 2010 kwenye Windows 7. Ukimpa draiva ya 10 inagoma, anasema printa mbovu.

#15 MamaSteshenari
Nimerudi. Winver imetoa kiboksi. Juu kuna picha kubwa ya bluu imeandikwa Windows 11. Chini yake imeandikwa Version 22H2, halafu kwenye mabano OS Build 19045 na namba nyingine baada ya nukta. Kwa hiyo muuzaji alisema kweli?

#16 Chongoe
Hongera mama, ni 11. Mimi pia nina 11 na yangu inasoma 22H2 hivyohivyo. Mwambie mwanao aombe radhi kwa muuzaji.

#17 FundiChuma
Chongoe ngoja kwanza. 22H2 inamaanisha toleo la nusu ya pili ya mwaka 2022, na Windows 10 na Windows 11 zote zina toleo lenye jina hilo. Ndiyo maana niliomba Build. Nenda kasome ya kwako, utakuta 22621.

Naandika kwa kirefu kidogo maana swali hili linarudi kila mara humu.

Windows ina jina la sokoni na ina namba ya ndani. XP ndani ni 5.1. Vista 6.0. Windows 7, pamoja na jina lake, ndani ni 6.1. Nane ni 6.2, 8.1 ni 6.3. Ilipotoka 10 Julai 2015 wakairusha namba ya ndani ikawa 10.0, jina na namba vikalingana. Kisha ikaja 11 Oktoba 2021 na namba ya ndani wakaiacha 10.0 vilevile. Kwa hiyo mtoto akiandika ver akaona 10.0 hajakosea kusoma, lakini jibu hilo linafaa kwa 10 na kwa 11. Programu nyingi zinazosoma namba hiyo nazo zinachanganyikiwa, ndiyo unakuta programu ya uhasibu inakwambia uko Windows 10 wakati umenunua 11.

Kinachotenganisha ni Build. Kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11: 22000, 22621, 22631, 26100, 26200. Chini ya hapo, kuanzia 10240 ile ya mwaka 2015 hadi 19045, ni Windows 10. 19045 ndilo toleo la mwisho kabisa la 10.

Mama, ya kwako ni Windows 10 iliyovaa picha ya 11.

#18 MamaSteshenari
Mungu wangu. Sasa picha ya 11 imefikaje humo?

#19 Kobe la Ilala
Hapo ndipo stika yangu inapata heshima. Stika angalau haijavaa picha ya mtu.

#20 Pweza Mkavu
Ni vazi. Ziko programu za kubadilisha sura ya Windows, zinaweka Start mpya, sauti mpya, mandhari ya bluu yenye lile ua, na zinabadilisha hata mafaili ya picha za mfumo. Mtu akibandika nembo ya Land Cruiser kwenye Noah, ukifungua boneti injini ni ya Noah. Muuzaji amefanya hivyo ili bei ipande.

#21 Mpiga Windows Temeke
Mimi natofautiana na Pweza. Muuzaji wa Kariakoo ana mashine nyingi, hana muda wa kuvalisha moja moja. Hiyo ni ISO, yaani faili la kupigia Windows, iliyochakachuliwa. Huko mtandaoni kuna watu wanachukua Windows 10, wanatoa vitu vizito, wanaibadilisha jina na picha, wanaipakia kama Windows 11 Lite au jina lolote. Fundi anaishusha mara moja, anaitia kwenye flashi, anapiga mashine zote. Inawezekana kabisa hata yeye anaamini ni 11. Mimi flashi kama hiyo nimeletewa na mteja akitaka nimpigie 11, nikaangalia Build nikamrudishia.

#22 BintiSinza
Au mtu alianza kupandisha kutoka 10 kwenda 11 ikakwama katikati ikarudi nyuma, picha zikabaki?

#23 Mpiga Windows Temeke
Ikikwama inarudi yote dada, picha haibaki.

#24 BintiSinza
Yote? Mashine za huku nazo zinazimwa na umeme katikati ya kazi. Zinaacha mambo ya ajabu ajabu.

#25 Chongoe
Laptopu ina betri lakini.

#26 BintiSinza
Ya mtumba? Betri ya mtumba inakaa muda gani?

#27 Kobe la Ilala
Mimi namshuku kidato cha nne. Vijana hawa wanapenda mandhari.

#28 MamaSteshenari
Kijana anakana, na mashine ilikuwa haijakaa naye hata jioni moja. Tuache hilo. Nichague Windows 10 ipi sasa, 32 au 64? Fundi wa jirani hapa anasema siku hizi zote ni 64, nisiumize kichwa.

#29 Mwanachuo wa Mabibo
Mama usichague kwa kukisia. Bofya Start, ingia Settings, kisha System, shuka hadi About. Tafuta mistari miwili: Installed RAM na System type. Andika hapa neno kwa neno.

#30 MamaSteshenari
Installed RAM: 8.00 GB (2.91 GB usable).
System type: 32-bit operating system, x64-based processor.

#31 FundiChuma
Kijana wa Mabibo, umepiga palepale.

Mama, soma mstari wa pili polepole. Una vitu viwili pale. Prosesa yako ni ya 64, inaweza. Mfumo uliowekwa juu yake ni wa 32. Hapo mjadala wa 11 umekufa rasmi, maana Windows 11 haina toleo la 32-bit. Haijawahi kutengenezwa. Hata bila Build, mstari huo mmoja ungetosha.

Na mstari wa kwanza unakuonyesha hasara yake. Umenunua mashine ya RAM 8, unatumia 2.91. Mfumo wa 32-bit unahesabu anuani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za moja na sifuri, na anuani hizo zinaishia GB 4 tu. Ndani ya hizo 4 kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua nafasi zao, kinachobaki ndicho unachoambiwa usable. GB 5 na ushee zimekaa humo ndani hazina kazi. Ukifungua Word, kivinjari na programu ya printa kwa pamoja mashine inaanza kuvuta miguu, na mteja anadhani umezembea.

Draiva: Windows 10 32-bit. Shusha hiyo.

#32 MamaSteshenari
Imekubali! Imeingia mara moja na karatasi ya majaribio imetoka. Asanteni sana wote, hasa wewe mwanangu wa Mabibo. Ila sasa hii ya RAM imeniuma kuliko ya 11. Nililipia 8.

#33 Mwanachuo wa Mabibo
Karibu mama. RAM zako zipo, hazijaibiwa. Ukipigiwa Windows 10 ya 64 zitaonekana zote.

#34 Tausi Kigamboni
Naomba nidandie. Kompyuta yangu niliachiwa na shemeji, kila kitu kimeandikwa Kiswahili. Mnasema Settings, mimi kuna Mipangilio. Mnasema About, sioni. Winver itafanya kazi?

#35 FundiChuma
Itafanya. Amri zile hazibadiliki na lugha ya skrini. Kiboksi kitakuja na maneno ya Kiswahili lakini namba ya Build ni ileile. Ndiyo sababu mimi namwambia kila mtu asome namba, jina aliache.

#36 Mzee wa Upanga
Tausi, usiibadilishe hiyo kuwa Kiingereza. Sisi tuliona juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya kuandikia kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu walielewa menyu siku hiyohiyo bila kuelezwa. Kitu kama hicho kinatakiwa kutunzwa.

#37 Pweza Mkavu
Mzee umenikumbusha mbali. Microsoft nao walikuwa na kifurushi cha Kiswahili cha Windows 7, unakipakia juu.

#38 Tausi Kigamboni
Nimeona: 26100. Ina maana mimi ndiye mwenye 11 halisi? Na haina stika yoyote.

#39 FundiChuma
Ndiyo, hiyo ni 11, toleo la 24H2. Kukosa stika si ajabu. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi za kiwandani ufunguo wake umefichwa kwenye bodi yenyewe, haubandikwi tena chini kama zamani.

#40 Chongoe
Wakuu, kati ya 8 na 10, ile 9 ilikwenda wapi? Nimewahi kukutana na fundi Mwenge ananiambia anayo.

#41 Mpiga Windows Temeke
Hakuna Windows 9. Fundi huyo muulize Build yake.

#42 Pweza Mkavu
Waliruka. Nilichosikia ni kwamba programu za zamani zilikuwa zikitafuta maneno "Windows 9" ili zitambue 95 na 98, wangeita mpya 9 zingechanganyikiwa.

#43 FundiChuma
Hiyo ni hadithi ya mtandaoni, Microsoft hawajawahi kuithibitisha. Na nimeshakueleza kuwa mfumo ndani unajitambulisha kwa namba, na 95 ni 4.0. Programu nzuri inasoma namba.

#44 Pweza Mkavu
Programu nzuri, sawa. Mbaya je? Mbaya ndizo nyingi.

#45 BintiSinza
Mimi naona walitaka kuonyesha wameikimbia mbali ile 8 iliyochukiwa. Tisa ingeonekana ni mdogo wake.

#46 Ngongoti wa Ubungo
Nimesoma uzi wote. Nawauliza swali moja: kwa nini mama apigiwe tena Windows 10? Msaada wa 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Steshenari ndiyo sehemu hatari kuliko zote, flashi za mtaa mzima zinaingia pale, kila moja na virusi vyake, na watu wanaacha pale vyeti na namba za NIDA. Mashine isiyopata masasisho ya usalama haifai kugusa vitu hivyo. Apige Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio Windows, ni bure, haihitaji ufunguo, na E6430 inaibeba bila jasho.

#47 Mpiga Windows Temeke
Mkuu Linux ni nzuri lakini mteja analeta faili la Word lenye jedwali la kurasa 40, ukilifungua kwa LibreOffice jedwali limehama. Nani anapanga upya? Mama ndiye anaunguliwa na muda. Na kuna mpango wa nyongeza, ESU, unaopeleka masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Kinachotakiwa ni kuwa na 22H2, na anayo.

#48 Ngongoti wa Ubungo
Anayo 22H2 iliyovalishwa nguo ambazo hatumjui aliyezishona. Wewe mwenyewe umesema ISO imechakachuliwa. Unajuaje aliyebadilisha picha hakuweka na kitu cha kusoma nywila? Masasisho juu ya msingi huo yanasaidia nini?

#49 Mpiga Windows Temeke
Ndiyo maana nasema ifomatiwe kwanza, ipigwe safi kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe, 64-bit. Hapo tunakubaliana.

#50 Kobe la Ilala
Kwa nini asipigiwe hiyo 11 aliyoahidiwa? Alilipia 11.

#51 Mwanachuo wa Mabibo
Prosesa. E6430 kwa kawaida ina Core i5-3320M au ndugu zake. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 3, kizazi cha tatu. Windows 11 kwa masharti yake inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 hivi, pamoja na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na E6430 ina TPM 1.2. Mama akitaka kuhakiki ya kwake, jina la prosesa liko palepale kwenye About.

#52 Chongoe
Lakini mimi nimeona kizazi cha 3 inatumia 11 na inakwenda vizuri tu. Yangu mwenyewe i5 ya kizazi cha 4.

#53 FundiChuma
Zinapita kwa kuruka ukaguzi, mafundi tunajua. Inafanya kazi, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho, kila toleo kubwa unahangaika upya. Na kuna ukuta usiorukika: kuanzia 24H2 mfumo unahitaji maagizo ya prosesa yanayoitwa POPCNT na SSE4.2. Core 2 Duo hazina, haziwaki kabisa. Kizazi cha 3 inayo, kwa hiyo ya mama ingewaka. Mimi kwenye mashine ya biashara nisingefanya, kwenye ya nyumbani labda.

#54 Chongoe
Yangu haijawahi kunisumbua, nasema nilichokiona.

#55 Zuwena_Posta
Habari. Mimi nina MacBook nilipewa na bosi, nikiandika winver hakuna kitu.

#56 BintiSinza
Mac haina winver dada. Juu kushoto kabisa kuna tufaha, bofya, chagua About This Mac. Utaona jina na namba: Monterey ni 12, Ventura 13, Sonoma 14, Sequoia 15. Halafu wakaruka, ya mwaka 2025 wameiita Tahoe na namba ni 26.

#57 Pweza Mkavu
Hata Apple wanaruka namba. Chongoe, ukitoka kutafuta 9 anza kutafuta 16.

#58 Zuwena_Posta
Inasema Catalina 10.15. Ndiyo Windows 10 hiyo?

#59 BintiSinza
Hapana dada, hiyo ni macOS ya mwaka 2019, haihusiani na Windows. Ukishusha kitu chagua Mac, halafu soma kama kinakubali 10.15. Programu mpya nyingi zitakukatalia.

#60 Ngongoti wa Ubungo
Na walio kwenye Linux wasisahauliwe. Fungua dirisha la maandishi, andika cat /etc/os-release. Mstari wenye PRETTY_NAME unakupa jina na toleo. Nimeona mtu ana Zorin OS, akadhani ni Windows kwa jinsi ilivyopangwa, anahangaika kufungua mafaili ya exe yanamgomea, kila fundi anamwambia ana virusi. Hakuwa na virusi, hakuwa na Windows.

#61 Kijiwe cha Mafundi
Na isiyowaka kabisa je? Mteja kaleta mashine imekufa bodi, anataka nimrudishie mfumo uleule na yeye hajui ulikuwa upi.

#62 FundiChuma
Toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine kwa adapta ya USB. Ingia folda ya Windows, kisha System32, tafuta faili ntoskrnl.exe. Bofya mkono wa kulia, Properties, ukurasa wa Details, soma Product version. Ukiona 6.1 ni 7. Ukiona 10.0 angalia tarakimu zinazofuata kama tulivyosema juu. Na ukikuta hakuna folda ya Windows ila kuna etc, home na usr, hiyo ni Linux, usiifomati kwa haraka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, hutaona kitu bila ufunguo wa mteja.

#63 Kijiwe cha Mafundi
Safi mkuu, imekubali. Ilikuwa 17763.

#64 Mpiga Windows Temeke
17763? Hiyo ni Windows 10 toleo la 1809. Yawezekana ni LTSC 2019, ile ya mashirika, inayopata masasisho hadi Januari 2029. Muulize mteja anafanya kazi wapi kabla hujampigia Home, ile ya nyumbani, asije kukudai.

#65 Ngongoti wa Ubungo
Au ni Windows 10 ya kawaida ambayo haijawahi kuona intaneti tangu 2018. Namba peke yake haikupi hilo.

#66 MamaSteshenari
Jamani bado mpo. Nilimpigia yule kijana wa Kariakoo. Hajabisha. Anasema yeye mashine anapokea kwa mzigo, fundi wake ndiye anayepiga windows, na fundi amesema aliweka 32 makusudi kwa sababu 64 inachosha mashine za zamani. Kuhusu picha ya 11 anasema flashi imekuja hivyohivyo. Ananiambia nirudi anipigie ya 64 bure. Hoja ya kuchosha ni kweli?

#67 FundiChuma
Kwa mashine ya RAM 2 hoja hiyo ina ukweli, 64-bit inakula kumbukumbu zaidi. Kwa RAM 8 na i5, hapana. Nadhani fundi ana flashi moja ya 32 kwa sababu inaingia karibu kwenye mashine zote za zamani, hahitaji kukagua.

#68 Mpiga Windows Temeke
Au mashine ilifika na RAM 2, akapiga 32 kwa haki kabisa, halafu muuzaji akaongeza RAM ili iuzike na hakuna aliyekumbuka kubadilisha mfumo. Nimeiona hiyo mara nyingi. Na maelezo ya flashi yananipa haki mimi dhidi ya Pweza.

#69 Pweza Mkavu
Flashi imekuja hivyohivyo kutoka kwa nani? Mtu kakaa akaivalisha. Vazi ni vazi.

#70 Mwanachuo wa Mabibo
Mama, ukikubali kurudi, kutoka 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu kwa juu, ni kufuta na kupiga upya. Nakili kwanza mafaili ya wateja. Kisha nenda na flashi yako mwenyewe uliyoitengeneza kutoka tovuti ya Microsoft, usikubali ile ya kwake. Nipo likizo, nikitoka Mabibo hadi Segerea si mbali, naweza kukuandalia. Na akimaliza, kabla hujatoka dukani kwake, winver na About mbele yake: 19045, 64-bit, RAM 8 zote. Andika pia slmgr /xpr uone kama imeamilishwa.

#71 MamaSteshenari
Njoo Jumamosi mwanangu, duka lipo karibu na stendi. Draiva ya printa nayo itabidi nishushe tena?

#72 FundiChuma
Ndiyo, safari hii Windows 10 64-bit. Ile ya 32 itagoma.